Kasi ya shata: ndege anayeruka na ndege inayoruka

Asubuhi moja nilikuwa ufukweni Mwanza, upande wa Ilemela, nikimvizia mdiria. Yule mweupe mwenye madoa meusi, anayesimama hewani juu ya maji akipigapiga mabawa huku kichwa kimetulia kana kwamba kimetundikwa kwa uzi, kisha anajitupa ziwani. Kasi ya shata nilikuwa nimeiweka kwenye 1/3200. Nikampata: matone ya maji yanahesabika, dagaa yuko mdomoni. Dakika chache baadaye ikapita ndege ya abiria ikiteremkia uwanjani, ile ya pangaboi mbili, nami bila kugusa kitu kwenye kamera nikaipiga. Jioni nikamwonyesha jirani yangu, fundi wa mitumbwi. Ya mdiria aliisifia. Ile ya pili aliitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, hii ilizimika ikiwa angani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mapanga yote yalikuwa yamesimama wima na kulala, ungeweza kusoma rangi za ncha zake, kama ya ndege iliyoegeshwa wiki nzima. Kiswahili kimewapa hawa wawili jina moja, kikawatenganisha kwa kiambishi tu: huyu anaruka, hii inaruka. Kamera haina viambishi. Inakutegemea wewe uwatenganishe, na kasi ya shata ndiyo nyenzo ya kwanza.

Shata ni kizuizi kilicho mbele ya kihisi, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga ndani ya kamera, mahali palipokuwa pa filamu zamani. Ukibonyeza kitufe kizuizi kinafunguka, mwanga unaingia, kinafungwa. Kasi ya shata ni muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Kwa hiyo jina lenyewe linapotosha kidogo, maana si kasi ya kitu kukimbia bali ni muda wa mlango kuwa wazi, tena muda mfupi unaoandikwa kama sehemu ya sekunde. 1/60 ni sekunde iliyokatwa vipande sitini ukachukua kimoja. 1/4000 ni kipande kimoja kati ya elfu nne. Wapiga picha wakisema shata "ya haraka" wanataka kusema muda mfupi. "Ya polepole", muda mrefu.

Chochote kinachosogea mlango ukiwa wazi huacha mchirizi kwenye picha. Hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Hudhani kitu kikikimbia zaidi, basi lazima shata iwe ya haraka zaidi, na kwa hiyo ndege ya kilomita 900 kwa saa ni ngumu kuliko yangeyange anayerudi kulala jioni. Tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyonifungua macho.

Chukua kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 36 na pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 6,000 kwa upana huo, na lenzi ndefu ya milimita 500. Yangeyange anakatiza mbele yako umbali wa mita 20, kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, ambao ni kilomita 36 kwa saa. Ndani ya 1/1000 ya sekunde anasogea milimita 10. Kwa umbali huo lenzi inampunguza mara 40 (mita 20 gawanya kwa milimita 500), kwa hiyo juu ya kihisi taswira yake inasogea robo ya milimita. Kidogo? Ni kama pikseli 42. Jicho la yangeyange limekuwa mstari.

Sasa tazama juu, kwenye jeti inayokatiza kilomita 10 kutoka ulipo, mita 250 kila sekunde. Ndani ya 1/1000 inasogea sentimita 25. Lakini lenzi inaipunguza mara 20,000, na taswira yake inasogea pikseli mbili tu. Mwenye kilomita 36 kwa saa amekushinda mara ishirini kuliko mwenye 900. Hata ile iliyokuwa inatua, ukiipa mita 60 kwa sekunde na umbali wa mita 300, inasogea kama pikseli 17, bado chini ya yangeyange. Kinachopimwa si mwendo wa kitu angani, ni jinsi taswira yake inavyokatiza fremu yako. Umbali na lenzi vina neno zito kuliko injini.

Kutokana na hesabu hiyo, kumgandisha yangeyange yule mpaka abaki na pikseli mbili ungehitaji 1/20000. Shata za mapazia, zile za vipande viwili vinavyopita mbele ya kihisi, katika kamera nyingi huishia 1/4000 au 1/8000. Ndiyo maana kugandisha peke yake hakutoshi, na watu wa kazi hii husogeza kamera pamoja na kinachoruka. Kitaalamu huitwa paningi. Mimi huiita kusindikiza, kwa kuwa ndivyo ilivyo: unaanza kumfuata akiwa bado mbali, unageuza kiuno siyo mikono tu, unabonyeza huku unaendelea, na hata baada ya kubonyeza humwachi njiani. Ukiweza kusindikiza sawasawa, taswira inatulia mahali pamoja kwenye kihisi ingawa ndege anakwenda, na kinachochirizika ni miti na mawingu ya nyuma. Wanaojifunza mara nyingi husimamisha kamera palepale kidole kinapobonyeza. Kidole na kiuno lazima vizoeshwe kufanya kazi mbalimbali, kama anayetwanga huku anaimba. Kunguru wanafaa sana kwa mazoezi, na mjini hakuna upungufu wao. Kwa walio Kampala wapo wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, wazito, wanaozunguka polepole juu ya majengo. Ukishindwa kumsindikiza huyo, kwa mbayuwayu usijaribu bado.

Lakini kusindikiza kunashika kiwiliwili tu. Mabawa yana safari yao. Ncha ya bawa inapanda na kushuka kwa mwendo mkubwa kuliko mwili unaoibeba, ndiyo maana unaweza kupata picha yenye jicho kali kama sindano na mabawa yaliyoyeyuka. Kwa ndege wakubwa kama furukombe, wale ambao wenye boti pale Naivasha huwapigia mluzi na kuwarushia samaki, wengi huanzia 1/2000, na sehemu ya sababu ni boti lenyewe linalotikisika. Wadogo wanadai zaidi. Kuna ujanja mmoja usiogharimu kitu: bawa likifika juu kabisa au chini kabisa husimama kwa kitambo kidogo mno kabla ya kugeuka. Ukilipata hapo, shata ya wastani inaonekana kama ya haraka.

Kwenye ndege ya chuma mambo hugeuka. Mwili wake haupigi mabawa, kwa hiyo ukisindikiza vizuri huhitaji muda mfupi hivyo. Jeti inayopaa inatoka safi kwa 1/1000, hata chini ya hapo. Tatizo ni pangaboi. Cessna Caravan, zile ndege ndogo za safari unazoziona zikitoka uwanja wa Wilson ukiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, pangaboi lake huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika. Kwa 1/2000 linageuka chini ya digrii sita, na jirani yangu anauliza kama imezimika. Kwa 1/125 linageuka kama digrii 91. Likiwa na mapanga matatu yaliyoachana digrii 120, kila panga hufika alipokuwa mwenzake kwa takriban 1/95, na hapo unapata duara zima linalong'aa. Dash 8-Q400, ndege ya abiria ya pangaboi mbili, ina mapanga sita kwa kila moja na huzunguka polepole zaidi, 1,020 kwa dakika wakati wa kupaa, lakini mapanga yameachana digrii 60 tu, hivyo duara zima linapatikana kwa 1/102 hivi. Ndege mbili tofauti kabisa, na jibu linaangukia karibu mahali pamoja. Helikopta ndogo ya mapanga mawili ndiyo mtihani: kwa mizunguko 400 kwa dakika, 1/125 inakupa digrii 19 pekee. Inabidi ushuke 1/60 au chini, na huko mikono ya wengi, yangu ikiwemo, huanza kutetemeka.

Kutetemeka huko kuna kanuni yake ya zamani: usishuke chini ya moja gawanya kwa milimita za lenzi. Lenzi ya 500, basi 1/500. Vidhibiti vya mtikisiko vya siku hizi vimeilegeza, ila havijaifuta.

Kila ukifupisha muda, mwanga unapungua kwa kiwango kilekile. Kutoka 1/1000 kwenda 1/2000 umeupoteza nusu. Chini ya jua kali la saa sita, ISO 400 (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga) na tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), unapata kama 1/1600 bila kuhangaika. Wingu likitanda, au ukiwa na lenzi ndefu ya bei nafuu ambayo haifunguki zaidi ya f/6.3 wakati jua linazama, itakubidi upandishe ISO na uvumilie chengachenga, vile vidoa vinavyotapakaa kwenye picha. Mimi huvumilia. Chengachenga zinaweza kupunguzwa kwenye kompyuta. Jicho lililochirizika halirudi.

Hawa wawili wenye jina moja walikutana mbele ya kamera kabla hata ya hii ya pili kuwapo. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde, kila moja kwa 1/720, akailenga kwa ndege wa angani ili ajue mabawa hufanya nini. Miaka miwili baadaye Ottomar Anschütz, Mjerumani, akawapiga picha korongo wakiruka na kutua kwenye viota vyao, akitumia shata aliyoibuni mwenyewe. Picha hizo zilimvutia Otto Lilienthal, ambaye katika miaka ya 1890 aliruka mara nyingi kwa mabawa aliyojitengenezea. Na tarehe 17 Desemba 1903, ndege ya ndugu Wright ilipoinuka Kitty Hawk, Marekani, aliyebonyeza kamera ni John T. Daniels, mtu wa kituo cha uokoaji baharini ambaye hakuwa amewahi kupiga picha. Pata picha ile uitazame: mapanga hayaonekani wazi. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kuna jambo moja linalowachanganya wenye simu. Umeketi dirishani, unachukua video ya pangaboi, na mapanga yanatokea yamepinda kama mundu, mengine yakielea peke yake bila kushikwa na kitu. Injini haina tatizo. Simu nyingi hazisomi kihisi chote kwa mara moja. Husoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na wakati zinafika mstari wa mwisho panga limeshahama. Hata kamera kubwa za mapazia zina kasoro hiyo kwa kiasi kidogo. Ndani yake mna mapazia mawili, moja la kufungua na moja la kufunga, na kwa muda mfupi kuliko 1/250 hivi, la pili huanza kushuka kabla la kwanza halijamaliza. Kinachopita mbele ya kihisi ni mwanya mwembamba, siyo dirisha lililo wazi lote. Nikon Z9 ya mwaka 2021 iliyaacha mapazia kabisa na kutegemea kusoma haraka. Sony a9 III ya 2023 inasoma pikseli zote kwa pamoja na kufika 1/80000. Mapanga hayapindi tena. Bei yake sitaitaja hapa.

Mahali ambapo kasi ya shata haisaidii ni kwenye hewa ya moto. Saa saba mchana, lami ya uwanja inachemka, na kila kilicho mbali kinacheza kama kinachoonekana juu ya jiko la mkaa. Picha zinatoka laini hata kwa 1/8000, na nimeona watu wakiuza lenzi nzuri kwa kosa ambalo ni la jua. Nenda alfajiri, au sogea karibu. Kusogea karibu na uwanja wa ndege, hata hivyo, uliza kwanza: vingi Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa maeneo ya ulinzi, na lenzi ndefu haiwafurahishi askari.

Siku hizi kamera yangu ina mipangilio miwili niliyoihifadhi. Wa kwanza, kwa anayeruka, ni 1/3200. Wa pili, kwa inayoruka, ni 1/125. Juzi nilirudi ufukweni na tripodi, nikasahau kubadilisha, nikampiga mdiria kwa ule wa pili. Kichwa kilikuwa kimetulia kama kawaida yake, jicho kali, na mabawa yamegeuka moshi mweupe pande zote mbili. Nilikuwa nimeshaweka kidole kuifuta, fundi akanishika mkono. Picha hiyo sasa iko kwenye karakana yake, imebandikwa juu ya randa.