Mishipa ya Damu Nayo Huzeeka: Maswali ya Wazee wa Mombasa Kuhusu Mazoezi

Nina miaka 63, sina presha wala sukari. Mbona naambiwa mishipa yangu imezeeka?

Mzee wangu, mshipa huzeeka hata kwa mtu asiyeumwa. Ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ya kijana ina nyuzi zinazonyumbuka: moyo ukipiga hutanuka, kisha hujirudi. Miaka ikipita, nyuzi hizo hukatikakatika na kolajeni, ambayo ni ngumu, huzidi. Ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu ya presha hupanda huku ya chini ikibaki palepale au ikishuka.

Kuna na jambo la pili, na hili natamani kila mtu alijue. Tumezoea kuufikiria mshipa kama bomba la maji, na bomba halina uhai. Ndani ya mshipa mna utando hai, tabaka moja tu la seli. Utando huo huhisi damu inavyopita, ukatoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, nayo huulegeza msuli wa mshipa, njia ikapanuka. Wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo. Uzeeni gesi hiyo hupungua, na hata ile inayotoka, nyingine huharibiwa na kemikali chokozi za mwilini kabla haijafanya kazi. Mshipa ukabaki umekaza.

Sasa kutembea kunasaidia vipi?

Ukishuka feri ya Likoni upande wa kisiwani, ukaupanda ule mwinuko kwa kasi, moyo husukuma damu nyingi zaidi, nayo hupita ikiusugua utando. Msuguano huo ndio unaouamsha. Ukirudiwa siku baada ya siku, seli huongeza kimeng'enya kinachotengeneza ile gesi, na mwili hujikinga vizuri zaidi na zile kemikali. Ukiacha, faida hii huanza kupotea ndani ya wiki chache tu.

Sijafanya mazoezi tangu niache mpira wa shule. Sijachelewa?

Hujachelewa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwachukua wanaume wa makamo na wazee waliokuwa hawafanyi mazoezi. Baada ya miezi 3, wengi wao wakitembea tu, mishipa yao ilipanuka karibu sawa na ya wenzao waliozoea mazoezi kwa miaka. Ugumu wa ukuta wenyewe hauondoki upesi hivyo, kwa hiyo mwenye miaka 45 asingoje afike 70.

Na sisi wanawake?

Mama zangu, nitasema kweli. Hedhi ikishakatika, homoni ya estrojeni hushuka, na tafiti hazijaona utando ukinufaika kwa uhakika kama kwa wanaume. Lakini presha, sukari na mifupa hunufaika. Msiache.

Kiasi gani, na wapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mwendo wa wastani: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Aliyefika miaka 65 aongeze mazoezi ya nguvu na ya kujizuia asianguke. Baada ya swala ya alfajiri, ufukweni Mama Ngina kuna upepo na njia safi. Ukipenda Nyali, nenda maji yakiwa yamekupwa, mchanga uwe mgumu.

Natumia dawa za presha. Nikianza mazoezi niziache?

Usiziache. Anayepunguza dawa ni daktari, baada ya kukupima. Kifua kikibana, pumzi zikikatika au ukihisi kizunguzungu, simama na utafute matibabu siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua yasipoisha ukipumzika, kimbizwa hospitali. Tena zipo dawa za presha zinazokojosha sana. Wakati wa kaskazi, ukizinywa na kutembea juani, unaweza kuzimia. Muulize daktari kama yako ni mojawapo, na umweleze saa unayotembea.