Bomba kupita Nzega si petroli kushuka bei

Wengi Nzega na Igunga wanaamini bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Tanga likipita kwao, petroli itashuka bei. Isiposhuka, wanahisi wamedhulumiwa. Uchungu huo unaeleweka, ardhi iliyochimbwa ni yao. Ila yanayopita humo ni mafuta ghafi ya Uganda, nchi isiyo na bahari, yakielekea melini Chongoleani, pwani ya Tanga. Yana nta nyingi, yakipoa huganda. Ndiyo maana bomba lote, kilomita 1,443, limeundwa la kupashwa moto. Bila kusafishwa, hayaendeshi hata bodaboda. Petroli ya Nzega hushushwa bandarini, ikaletwa kwa malori. Tazama bei kikomo (bei ya juu inayoruhusiwa) za kila mwezi, ulinganishe Nzega na Tanga: utaiona gharama ya safari. Aliyepitiwa shambani adai fidia, akiwa na nakala ya fomu ya tathmini mkononi.