Gome Likibanduliwa: Kwa Nini Mti Mmoja Hupona na Mwingine Hufa

Wauza dawa za miti shamba huniuliza swali moja mara kwa mara: mti nimeubandua gome, ukakaa na majani mabichi miezi kadhaa, mbona sasa unakauka? Ukijua gome limepangwaje, jibu linajitokeza lenyewe.

Chukua ntasesa, yaani Prunus africana, mti wa misitu yetu ya milimani kama ile ya Elgon. Kisu kinachopenya gome lake kinapita ganda kavu la nje lenye mipasuko, kisha gome laini lenye unyevu. Hilo laini ndilo dawa, na ndilo linaloteremsha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Baada yake, kabla ya kugusa mbao, kuna kambiamu: utando mwembamba mno unaoteleza ukiupapasa. Kambiamu huzaa gome jipya upande wa nje na mbao mpya upande wa ndani.

Maji hayapandi kupitia gome, hupanda kupitia mbao. Ndiyo maana mti uliobanduliwa kulizunguka shina zima unaendelea kunywa na kubaki kijani. Mizizi yake lakini haipati tena chakula, inakula akiba. Akiba ikiisha, mizizi inakufa, maji yanapungua, na vilele vya matawi ya juu vinaanza kukauka. Anayengoja dalili hiyo ndipo aache kuvuna amechelewa.

Jeraha hufunikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoka kingoni: gome lililobaki pande zote mbili linaotesha ukingo mnene unaosogea katikati polepole, kwa miaka. Ya pili ni kutoka usoni mwa jeraha lenyewe, pale seli changa zilizobaki juu ya mbao zinapogawanyika na kutandaza gome jipya. Hii ni ya haraka kuliko ile ya kwanza, ila inaamuliwa na saa chache za mwanzo. Jua na upepo vikikausha uso ule, basi. Utaona mbao inageuka kijivu na kupasuka, na kuanzia hapo umebaki na kingo tu.

Watengeneza vitambaa vya magome wa Buganda wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu tunaoandika kulihusu. Mutuba, Ficus natalensis, hubanduliwa shina zima, jambo ambalo ningelikataza kwa mti mwingine wowote, na bado unaishi na kuvunwa tena. Huvunwa msimu wa mvua, kisha shina lililo wazi hufungwa majani ya mgomba papo hapo. Gome la kwanza huwa duni. La mavuno ya baadaye ndilo linalotoa kitambaa kizuri. Usidhani lakini kwamba ntasesa au abasi, Warburgia ugandensis, itastahimili hivyo kwa sababu tu umeifunga majani. Mituba ina uwezo wake. Cha kuiga kwao ni msimu, wepesi wa mkono na kile kifuniko.

Kabla ya kuvuna, pima mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.3. Chini ya sentimita 94, yaani kipenyo cha sentimita 30, uache ukue. Nchini Kamerun, ambako ntasesa imevunwa kwa wingi kwa ajili ya dawa za tezi dume, kanuni iliyoenea ni kuchukua gome la robo mbili za mzingo zinazotazamana. Kwa mti wa nyumbani naona ni nyingi mno. Chukua ukanda mmoja wa wima usiozidi upana wa kiganja, upande usiopigwa na jua la mchana. Ukanda mrefu mwembamba unafunga mapema kuliko kipande kipana chenye uzito uleule, kwa kuwa kingo zake ziko karibu.

Tumia kisu kikali kilichosafishwa, si panga. Chora mistari miwili ya wima, usimame mara tu makali yanapogusa ugumu wa mbao. Ncha za juu na chini zichonge ziwe kali. Ingiza kabari ya mti chini ya gome, ulinyanyue taratibu. Siku za mvua linabanduka bila shida. Likigoma, acha urudi mvua zikikolea, maana kulilazimisha ni kuchana mbao na kuziua seli unazozitegemea. Uso ule mlaini unaong'aa usiuguse, usiufute, usiupake udongo. Funika kwa jani la mgomba, funga kwa kamba za mgomba bila kubana, kisha fungua baada ya wiki moja au mbili kabla mchwa hawajahamia humo.

Gome likikauka linabaki karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo kadiria mahitaji yako kabla ya kukata.

Makosa yanayoua miti mingi hutokea kwenye mavuno ya pili. Mtu anakuta jeraha halijafunga, anahamia gome lililobaki, na baada ya kurudi mara kadhaa shina limezungukwa. Usiguse upande mwingine mpaka kingo zimekutana. Unga wa mbao chini ya shina ni ishara ya wadudu watobozi. Mlio wa uwazi ukigonga ni ishara ya kuoza. Mbao iliyojeruhiwa haiponi, hufungiwa ndani tu, kwa hiyo hata gome zuri la juu linaweza kuficha shina bovu.

Na mti uliokwisha kuzungukwa? Kama bado una majani mabichi, unaweza kuuwekea madaraja, yaani vijiti vya kuvusha chakula juu ya jeraha. Kata vijiti vyenye unene wa penseli kutoka mti huohuo, virefu kidogo kuliko jeraha. Chonga ncha zote mbili mshazari, uviingize chini ya gome lisilojeruhiwa, chini na juu ya jeraha, kila baada ya sentimita 5 hadi 8. Upande uliokuwa chini kwenye tawi ubaki chini, la sivyo kijiti hakishiki vizuri. Pigilia misumari midogo, ziba maungio kwa nta, na machipukizi yakitokea kwenye vijiti yaondoe.