Mchezo wa mizinga wa zamu ni nini, na kwa nini hauchuji

Mchezo wa mizinga wa zamu ni mchezo wa kompyuta ambamo wachezaji wawili au zaidi hurushiana makombora kwa kupokezana: anayefikiwa na zamu huchagua pembe na nguvu ya mrusho, hufyatua, kisha humwachia mpinzani nafasi. Kombora hupaa na kushuka kwa kufuata kani ya uvutano, na mara nyingi upepo hulipeleka kando.

Mfano mzuri ni Gorillas, uliosambazwa na Microsoft mwaka 1991 pamoja na MS-DOS 5, mfumo endeshi wa kompyuta. Gorila wawili husimama juu ya maghorofa na kutupiana ndizi zinazolipuka. Mchezaji huandika pembe kwa nyuzi, huandika kasi, basi. Kinachobaki ni kuitazama ndizi ikizunguka angani, huku mshale ulio chini ya skrini ukionyesha upepo unakovuma. Ndizi ikipiga jua, uso wa jua hupigwa na butwaa, utani usiobadilisha matokeo hata kidogo.

Mvuto wa michezo hii, kwa maoni yangu, umo katika kukosa shabaha. Aliyerusha kwa nyuzi 45, ndizi ikapita juu ya mpinzani wake, ameona kwa macho kiasi alichozidisha, na zamu ijayo anaweza kupunguza kasi au kuinua pembe. Mahali tambarare pasipo upepo, nyuzi 30 na nyuzi 60 kwa kasi moja hufikisha kombora umbali uleule, ila la nyuzi 60 hupanda juu zaidi na kuweza kuvuka jengo refu lililo katikati. Mchezaji huligundua hilo hata kama hajawahi kusoma fizikia. Tena, kwa kuwa hakuna haraka, watu wawili hutumia kibodi moja, na anayengoja hupata muda wa kumtania mwenzake.

Scorched Earth, wa Wendell Hicken, pia wa mwaka 1991, uliongeza vifaru vya kivita, fedha za kununulia silaha na ardhi inayochimbika, na mwaka 1995 Worms ukaweka minyoo wanaotembea. Hesabu ya pembe na nguvu ikabaki palepale. Gorillas wenyewe ulikuwa na jambo la ziada: uliandikwa kwa QBasic, lugha ya kuandikia programu, na yeyote aliyefungua faili la GORILLA.BAS aliiona programu yote, akaweza kuibadilisha apendavyo na kuicheza papo hapo.