Kubana mara mia hakutakutoa ulipogota

Ujumbe umeingia tena wiki hii, na ungeweza kuwa umeandikwa na yeyote kati ya waliowahi kuniuliza jambo hili kuhusu gripa, kile kifaa cha springi chenye vishikio viwili unachokibana kwa mkono mmoja: "Kocha, nabana gripa mara mia asubuhi na mara mia usiku. Mwanzoni nilipanda vizuri, sasa mwezi wa tatu niko palepale. Niongeze ziwe mia mbili?"

Usiongeze. Punguza ziwe tano.

Najua jibu hilo linaudhi, na wanaouliza si wavivu. Wana bidii kuliko wengi ninaowafundisha, na ndiyo maana inaniuma kuona bidii hiyo ikimwagwa mahali ambapo haizai kitu. Gripa unayoweza kuifunga mara mia ni nyepesi kwako, basi. Inakufundisha kustahimili, inajaza damu kwenye kigasha, mkono unavimba, unahisi umefanya kazi. Nguvu ya juu kabisa haiji kwa njia hiyo. Inakuja kwa mzigo ulio karibu na kikomo chako, mara chache, ukipumzika dakika mbili tatu kabla ya kurudia. Hakuna mtu ninayemjua anayepiga dedilifti, yaani kunyanyua baa ya vyuma kutoka sakafuni, mara mia kila asubuhi kwa mzigo wa kitoto kisha akashangaa kilo hazipandi. Ila ukifika mkono, watu walewale wanasahau yote wanayoyajua kuhusu mazoezi.

Na hakuna sababu ya kusahau, kwa kuwa vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo mikubwa iko kigashani, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na kano zake ndizo zinazopita chini ya kifundo na kwenda kuvuta vidole kama kamba. Ni misuli ya kawaida na inafuata kanuni zilezile za misuli ya mguu: mzigo, pumziko, chakula, usingizi. Siku mbili ngumu kwa wiki zinawatosha wengi, tatu kwa wachache. Hapo sina la kuongeza.

Jambo ambalo hakuna anayeniambia mpaka nimuulize ni hili: unagotea wapi? Gripa haifungiki, sawa, lakini vishikio vinasimama vikiwa mbali, katikati, au zimebaki milimita nne vigusane? Majibu hayo matatu ni matatizo matatu tofauti, na mtu akiniandikia "nimegota" bila kunieleza hilo, siwezi kumsaidia.

Tuanze na aliyebakiza milimita chache, kwa kuwa ndio walio wengi. Springi ya gripa kadiri unavyoikunja ndivyo inavyokusukuma zaidi, kwa hiyo kipande cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote. Na wakati huohuo misuli yako ya kukunja vidole imekwisha kufupika karibu na mwisho wa uwezo wake, na msuli uliofupika sana ni msuli dhaifu. Mzigo unapanda huku nguvu inashuka, na pale vinapokutana ndipo vishikio vinaposimama. Ukibana gripa nyepesi mara mia, mwisho huo unaupita mara mia bila kudaiwa chochote. Ukibana gripa nzito usiyoiweza, hufiki kabisa mahali hapo. Kwa hiyo sehemu unayoshindwa haijawahi kufanyiwa mazoezi, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, hata ukae mwaka.

Dawa yake ni kuupeleka mkono mahali hapo kwa makusudi. Chukua gripa iliyo ngazi moja juu ya uwezo wako. Ifunge kwa mikono miwili, kisha uachie mkono mmoja na ujitahidi kuizuia isifunguke. Itafunguka tu, lakini wewe upambane nayo sekunde tatu, nne, tano. Mara nne au tano kila mkono, pumzika vya kutosha, umemaliza. Msuli unaozuia mzigo huku unarefuka una nguvu kuliko msuli unaovuta, ndiyo maana unaweza kupigana na gripa ambayo hungeweza kuifunga. Njia ya pili: chukua gripa unayoiweza, ifunge hadi mwisho, na uendelee kubana kwa nguvu zote baada ya vishikio kugusana, kama unataka kuvivunja. Ukitaka kujua kama unabana kweli au unajidanganya, pitisha mkanda mwembamba kati ya ncha za vishikio, ning'iniza uzito mdogo chini yake, na usiuache uanguke. Nguvu ya kubana bila kusogea hukua hasa kwenye pembe uliyoizoeza na digrii chache kuizunguka, kwa hiyo zoezi la mahali hapo ndilo linalolipa mahali hapo.

Haya si maneno yangu mapya. Mwaka 1991 Richard Sorin, Mmarekani, alikuwa wa kwanza kutambuliwa kwa kufunga Captains of Crush namba 3, aina ya gripa ambayo namba ikipanda ugumu unapanda, na ambayo watengenezaji, IronMind, wanaikadiria kuwa pauni 280, karibu kilo 127. Namba 4 ni pauni 365, karibu kilo 166, na ilikaa bila kufungwa rasmi hadi 1998, alipoifunga Joe Kinney. Kinney alisisitiza sana kazi ya kuzuia, ya kupigana na mzigo unaokufungua vidole. Sisemi kila mtu afuate ratiba yake. Nasema mtu aliyefika mbali kuliko wote wakati ule hakufika kwa kuhesabu hadi mia.

Tazama pia zile namba. Kutoka namba 1 hadi namba 2 ni pauni 55, yaani pauni 140 hadi 195. Kutoka namba 2 hadi namba 3 ni pauni 85. Mtu anaifunga namba 2 leo, ananunua namba 3 kesho, halafu analia kwamba amegota. Hajagota, ameruka ngazi. Ipo 2.5 katikati. Na gripa mbili zenye namba moja hazilingani kila mara: springi moja inaweza kuwa ngumu kuliko nyingine, kwa hiyo kabla hujasema umeshuka, hakikisha unajipima kwa gripa ileile uliyoizoea.

Sasa anayegotea katikati, na kifundo cha mkono. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona nguvu nyingi ikipotea na ndipo watu wanaponikatiza wakidhani nimehama mada.

Fanya jaribio hili sasa hivi. Kunja kifundo chako mbele kabisa, kiganja kielekee kigashani, halafu ujaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Haifumbi vizuri, na ikifumba haina nguvu. Rudisha kifundo nyuma kidogo, ufumbe tena. Umeona tofauti? Kano za vidole zinapita kwenye kifundo. Kikijikunja mbele, misuli inakuwa imefupika hata kabla vidole havijaanza kazi. Watafiti waliowapima watu mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliona kwamba mtu akiachwa achague mwenyewe, hurudisha kifundo nyuma takriban digrii 35 anapobana kwa nguvu zote, na ukimtoa hapo nguvu inashuka.

Kinachokishikilia kifundo nyuma ni misuli ya upande wa juu wa kigasha, ile inayoinua mgongo wa kiganja. Kila unapobana, hiyo nayo inafanya kazi, kwa sababu misuli ya vidole inataka kukivuta kifundo mbele. Ikiwa dhaifu, kifundo kinaanza kulegea katikati ya kubana, misuli ya vidole inafupika zaidi, na gripa inasimama. Mtu anaona vidole vimeshindwa. Vidole havijashindwa, vimenyang'anywa nafasi ya kufanyia kazi. Mwambie rafiki yako akurekodi kwa simu kutoka pembeni, ukibana gripa inayokushinda. Kifundo kikijikunja mbele, wiki nne zijazo gripa si tatizo lako kuu.

Kwa hao natoa mambo mawili. La kwanza ni kupandisha baa kwa kukunja viwiko, viganja vikitazama chini, kifundo kisilegee hata kidogo. Uzito uwe ule unaokuwezesha kukitunza. La pili, tafuta kipande cha mti au bomba, funga kamba katikati, chini yake ning'iniza dumu la maji la lita tano, kisha uzungushe kwa mikono kamba ijikunje hadi dumu lipande, na uliteremshe polepole vilevile. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unaongeza mzigo kwa kikombe. Sijaona kifaa cha jim kinacholishinda hilo dumu.

Anayegotea mwanzoni, vishikio vikiwa mbali, kwa kawaida ana mkono mdogo au hajui kuiweka gripa. Kishikio kimoja kikae chini ya kidole gumba, kwenye nyama yake, siyo katikati ya kiganja. Tumia mkono wa pili kuisogeza hadi vidole vyote vinne vishike vizuri, ndipo ubane. Hilo linaruhusiwa hata kwenye majaribio ya kupata cheti cha IronMind, ambako kwa namba 3 nafasi ya kuanzia haitakiwi kuwa ndogo kuliko upana wa kadi ya benki. Na paka chaki. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam kiganja kinateleza kwa jasho kabla misuli haijachoka.

Kuna hoja nyingine ninayoletewa kila mara: mbona wapagazi wa Kariakoo na wapakuzi wa saruji hawajui hata gripa ni nini, na ukipeana nao mkono unahisi umebanwa na mlango? Ni kweli wana mikono ya ajabu. Lakini tazama wanachofanya. Wanashika pembe za gunia, yaani wanabana kwa kidole gumba dhidi ya vidole vingine. Mfuko wa saruji ni kilo 50 na hauna kishikio, mkono unabaki wazi muda wote. Hizo ni nguvu mbili ambazo gripa haikupi kabisa: kubana kwa kidole gumba, na kushika kitu kinene. Gripa haikifanyishi kazi kidole gumba, kinakaa tu pale kama ukuta. Na nimewahi kuwapa gripa ngumu watu wa kazi hizo, wengine wakaifunga, wengine wakashindwa nayo kabisa, kwa sababu nguvu ya mkono si kitu kimoja.

Kwa hiyo ukigota, wiki kadhaa za kuiweka gripa kando na kushika vitu vinene hukusaidia kuliko unavyotarajia. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe kipande cha bomba la chuma la inchi mbili. Wanaliita la inchi mbili lakini kwa nje lina milimita 60 hivi, unene uleule wa kishikio cha dambeli mashuhuri ya Thomas Inch, mnyanyua vyuma wa Uingereza, iliyokuwa na kilo 78 na kuwashinda watu wenye nguvu wa zama zake. Pitisha kamba katikati yake, funga vyuma, nyanyua. Kwa kidole gumba, shika pleti mbili (vile vyuma vya mviringo vya baa) pamoja, sehemu laini zikiwa nje, au kipande cha mbao ya inchi mbili kwa nne chenye uzito uliofungwa chini.

Niseme pia kuhusu wale wanaobana ili waishi miaka mingi. Utafiti wa afya uitwao PURE, uliochapishwa 2015 na kuhusisha nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwamo, uliona kwamba kila kilo 5 zikipungua kwenye nguvu ya mkono, hatari ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 16. Mkono pale unaonyesha hali ya mwili mzima. Kuupasha moto kipimajoto hakumpi mtu homa, na kubana gripa kwenye daladala hakuufanyi moyo kuwa mzima. Tembea, nyanyua mwili mzima, pima presha.

Sasa ninalolitilia shaka, na vitabu vingi vinalisema kwa uhakika mno. Karibu kila kocha, mimi nikiwamo, anawapa watu mpira wa kupanulia vidole na kuwaambia unalinda kiwiko. Naendelea kuutoa kwa sababu ni mwepesi na vidole hujisikia vizuri baadaye, lakini sishawishiki kwamba ndio unaomwokoa mtu. Wanaopona kiwiko mikononi mwangu ni waliopunguza mzigo na wakaimarisha kifundo. Mpira ulikuwapo tu. Vilevile sishawishiki kwamba kila kugota kuna siri ya kufumbuliwa. Kano hubadilika polepole sana kuliko misuli, na nadhani wengi tunaowaita wamegota ni watu ambao misuli yao imetangulia na kano bado ziko njiani. Hao ukiwapa mbinu mpya kila wiki unawaumiza. Wanahitaji wiki moja ya kupumzika kabisa, kisha nusu ya kazi waliyokuwa wakiifanya, kwa miezi.

Maumivu yana lugha yake. Uchovu mzito kigashani siku ya pili, endelea. Maumivu ya ndani au nje ya kiwiko yanayorudi kila unapoinua sufuria au kufungua kitasa, acha gripa nzito na upunguze hadi shughuli za nyumbani zisiume. Maumivu makali kwenye shina la kidole, hasa kama ulisikia kitu kikilia "tak" na kidole kikavimba, hayo ni ya hospitali, siku hiyohiyo. Tishu zinazoishikilia kano kwenye mfupa wa kidole zikichanika, hakuna zoezi la kuzirudisha, na kila siku unayoendelea kubana inaongeza muda wa kupona.