Kwa Nini Hamu ya Dawa za Kulevya Hubaki Baada ya Arosto Kwisha

Hamu ya dawa za kulevya ni msukumo mkali wa kutaka kutumia, unaomjia mtu hata kama ameshaacha na hata kama moyoni hataki kurudia. Wengi hapa Mwanza huichanganya na arosto, yaani mateso ya mwili yanayompata mtu anapokosa dawa aliyoizoea, na mkanganyiko huo una gharama, kwa sababu familia inayodhani kwamba arosto ikiisha uraibu nao umekwisha humwona kijana aliyerudia kuwa ni mwongo au mtu asiye na nia, hata pale ambapo nia anayo.

Arosto ni ya mwili. Anayetumia heroini huanza kuumwa takriban saa 6 hadi 12 baada ya kete (kifurushi kidogo cha dawa) ya mwisho: kamasi, jasho, kuharisha, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi. Kwa kawaida, baada ya wiki moja makali hayo huwa yamepungua sana. Hamu haifuati ratiba hiyo, kwa kuwa chanzo chake ni yale ambayo ubongo umejifunza. Kuna mfumo katika ubongo unaotumia kemikali iitwayo dopamini kutia alama mambo yanayostahili kurudiwa, kama vile kula. Dawa za kulevya huuchochea mfumo huo kupita kiasi, na ubongo hukariri, pamoja na raha yenyewe, kila kilichoizunguka: mahali, saa, sura za watu, harufu, hata noti mkononi. Baada ya marudio mengi, vitu hivyo peke yake huamsha hamu kabla dawa haijaonekana. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kupima matokeo na kujizuia, huwa imedhoofishwa na matumizi ya muda mrefu, na huhitaji miezi mingi kupata nafuu.

Mfikirie mvuvi wa dagaa wa Igombe aliyezoea kununua kete kipindi cha mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi imepumzika na watu wana hela. Anapelekwa soba, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha dawa, mbali na ziwa, anakaa miezi kadhaa, ananenepa, anarudi nyumbani akisema kwa dhati kwamba hana hamu tena. Mwezi unapokuwa mpevu, akiwa na malipo mfukoni na wenzake walewale mwaloni, hamu humshika kwa nguvu ambayo kule soba hakuijua. Hakuwadanganya ndugu zake, ila kule alikokuwa hapakuwa na cha kuiamsha.

Historia inalo funzo la upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam, na akakuta kwamba wengi wa waliokuwa waraibu wa heroini kule hawakurudi kwenye uraibu walipofika kwao. Sababu moja inayotajwa sana ni kwamba waliyaacha nyuma mazingira ya matumizi, ilhali kijana wetu hupata nafuu ugenini kisha hurudishwa palepale alipotumia. Muda nao peke yake hautoshi: utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba hamu ya kokeini inayoamshwa na viashiria, yaani vitu vinavyokumbusha dawa, iliongezeka katika wiki za mwanzo za kuacha, badala ya kupungua.

Kurudia baada ya kuacha kuna hatari ambayo kila ndugu anapaswa kuifahamu. Mwili uliokaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, kwa hiyo kipimo kilekile cha zamani kinaweza kusimamisha pumzi.

Hapo ndipo methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na ambayo kwa Mwanza hupatikana hospitali ya Sekou Toure, inapopata maana yake. Hukaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo vinavyotafutwa na heroini, na dozi moja kwa siku huzuia arosto na kupunguza hamu, ili mtu aweze kufanya kazi mwaloni bila kusukumwa kila saa. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha dawa kwa dawa. Sikubaliani nao, na nasikitika kila ndugu wanapomshinikiza mgonjwa aikatishe mapema ili waseme yuko safi kabisa, kwa maana humrudisha kwenye hamu ileile, safari hii bila kinga.