Upendeleo wa mhudumu haupimwi kwa roho yake

Ikitajwa habari ya upendeleo katika idara za dharura, haichelewi kusikika: "Manesi wale nawafahamu, hawabagui mtu." Huenda ni kweli. Ila hilo silo linaloulizwa.

Upendeleo wa kidemografia ni pale rangi, jinsia, umri au hali ya maisha ya mgonjwa inapobadilisha uamuzi wa mhudumu, ilhali dalili ni zile zile. Basi. Nia haimo katika maana hiyo. Mtu mpole, mcha Mungu, anayewapenda wagonjwa wake wote, anaweza kuwa nao na asijue.

Dharura za afya ya akili zinauachia nafasi kubwa zaidi. Anayelalamika kifua hupimwa moyo na damu. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha nani atajidhuru au nani atarusha ngumi. Kuna mazungumzo mafupi katikati ya kelele, na pengo linalobaki mhudumu hulijaza kwa dhana. Kijana mweusi akipaza sauti anaonekana hatari. Mwanamke akieleza maumivu huku analia, huambiwa ni wasiwasi tu. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla husemwa ni uzee, kumbe sukari imeshuka. Kwa hiyo upendeleo hauna upande mmoja: mmoja hufungwa kitandani bila sababu, mwingine hurudishwa nyumbani na hatari yake.

Na wakati mwingine huvaa koti la kitaalamu. Marekani kulikuwa na utambuzi ulioitwa deliriamu ya msisimko (yaani mtu kudaiwa kuchanganyikiwa na kufadhaika kupita kiasi), uliobandikwa zaidi kwa wanaume weusi waliokuwa mikononi mwa polisi. Mwaka 2019, huko Aurora, Colorado, wahudumu wa ambulansi walisema Elijah McClain, kijana mweusi aliyekuwa ameshikwa na polisi, anayo, wakamdunga miligramu 500 za ketamini, dawa ya kulaza mgonjwa, kipimo cha mtu mzito kuliko yeye. Alifariki. American College of Emergency Physicians, chama cha madaktari wa dharura, kiliukana rasmi waraka wake wa 2009 uliounga mkono utambuzi huo mwaka 2023 tu.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Uingereza, watu weusi huzuiliwa hospitalini chini ya sheria ya afya ya akili kwa kiwango kinachozidi mara 3 kile cha weupe, na wengi huitaja namba hiyo kama hukumu dhidi ya madaktari. Ndani yake kuna umaskini, kuchelewa kupata tiba, na kuletwa na polisi (huko nako upendeleo unaweza kuwa umeshapita, ila ni wa mlango mwingine). Anayetaka kujua kuhusu mhudumu wa dharura, na alinganishe mafaili ya wagonjwa waliofika na dalili sawa: nani alifungwa, nani alidungwa sindano ya kutuliza, nani aliachwa akisubiri.